Ngeli za Hatari: Kwa Nini Mtu wa Kago Anauliza Kama Kuna Betri

Kila aliyewahi kutuma mzigo nyumbani kutoka Deira anayajua maswali haya. Katoni ikishawekwa juu ya mizani, na kabla haijafungwa kwa gundi ya karatasi, mtu wa kago huuliza: kuna betri? Kuna pawabenki? Kuna manukato? Kuna rangi ya kucha? Mama zetu hujibu "Hakuna, mwanangu, ni nguo tu," hata kama chini ya nguo hizo zimelala chupa tatu za manukato ya harusi ya Mombasa. Mtu wa kago naye anajua, na mama anajua kwamba anajua. Mzigo unaondoka.

Katika makala hii tunataka kueleza maswali hayo yametoka wapi. Tulidhani ni sheria za uwanja wa ndege tu, kumbe yana historia ndefu inayopita Panama, Brussels na Malindi, na sehemu yake kubwa ilitokea hapa hapa Dubai, umbali mdogo kutoka madarasa yetu.

Utafiti wenyewe ulianza na roketi. Wawili kati yetu wanasoma uhandisi, na kikundi chao kilitaka kuagiza mota za roketi za kujifurahishia, zile ndogo zinazotoshana na kidole gumba, ambazo Marekani watoto wa shule huzirusha uwanjani Jumamosi. Walijibiwa kwamba haziwezi kuja kwa posta, maana kanuni za posta za dunia nzima zinakataza vilipuzi. Haziwezi kuja ndani ya begi la msafiri. Na zikifika hapa, kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 2019 kuhusu silaha, vilipuzi na vitu vya hatari, ambayo haiachi nje hata fataki. Wenzetu waliuliza swali la haki: kidole gumba cha baruti kina hatari gani kuliko tangi la petroli la gari linalopita Sheikh Zayed Road? Jibu liko katika namna dunia inavyovipanga vitu vya hatari, na mpango huo, kwa bahati nzuri, ni jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kulielewa haraka kuliko wahandisi. Ni ngeli.

Vitu vya hatari vina ngeli tisa. Ya kwanza ni vilipuzi. Ya pili gesi. Ya tatu vimiminika vinavyoshika moto, na humo ndimo yanamoingia manukato ya mama, kwa sababu ya spiriti iliyomo. Ya nne ni vitu vikavu vinavyoshika moto, kama kiberiti. Ya tano ni vile vinavyoupa moto pumzi, pamoja na jamii moja yenye hasira iitwayo peroksidi. Sita ni sumu na vijidudu vya maradhi, saba ni mnururisho, nane ni asidi na vinginevyo vinavyobabua. Ya tisa ni mengineyo. Tuikumbuke hiyo ya tisa.

Sasa, mwalimu wetu wa sarufi alitufundisha kwamba ngeli haijulikani kwa sura ya neno peke yake. "Kiongozi" lina KI- mbele, lakini hatusemi "kiongozi kimefika". Tunasema amefika. Neno tunalipima kwa jinsi linavyoenda na maneno mengine katika sentensi. Wataalamu wa mizigo wanafanya vivyo hivyo. Hawaulizi tu kitu hiki ni nini. Wanauliza: kikiwa ndani ya boksi lake, boksi likiwa juu ya boksi jingine, moto ukiwaka chini yake, kitafanya nini? Kuna majaribio rasmi ya Umoja wa Mataifa yanayofuata mpango huo. Kwanza huwashwa kimoja ndani ya boksi, kisha yanapangwa maboksi kadhaa na kuwashwa la katikati, mwisho maboksi yote hutiwa juu ya moto mkubwa, watu wakasimama mbali na kutazama. Matokeo ndiyo yanayotoa namba. Kikilipuka chote kwa mpigo ni 1.1. Kikirusha vipande ni 1.2. Kikiwaka kwa moto mkali ni 1.3. Kikileta madhara madogo ni 1.4, na kama madhara hayo yanabaki ndani ya boksi lenyewe, huongezwa herufi S. Mota ya roketi ileile inaweza kuwa 1.3 katika boksi moja na 1.4 katika boksi jingine lililotengenezwa vizuri zaidi. Hapo ndipo kidole gumba kinapotofautiana na tangi la petroli. Petroli ni ngeli ya tatu, inawaka. Baruti imebeba pumzi yake mwenyewe ndani, kwa hiyo huwezi kuizima kwa kuinyima hewa.

Utaratibu huu haukushuka kutoka mbinguni. Uliandikwa baada ya watu kufa, na karibu kila ukurasa wake una maiti nyuma yake. Mwezi Aprili 1866, sanduku lililokuwa likivuja mafuta lilifikishwa kwenye ofisi ya kampuni ya usafirishaji ya Wells Fargo mjini San Francisco. Hakuna pale aliyejua kilichomo. Walileta nyundo na tindo walifungue. Lilikuwa na nitrogliserini, na watu wapatao 15 walikufa. Siku chache kabla ya hapo, meli iitwayo European ililipuka ikiwa bandarini Aspinwall, Panama, kwa shehena ya nitrogliserini hiyohiyo, na waliokufa walikuwa wengi zaidi. Mwezi Julai mwaka huohuo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuisafirisha nitrogliserini. Uingereza ilifuata na sheria zake, kubwa kuliko zote ikiwa Sheria ya Vilipuzi ya 1875, ambayo ilivigawa vilipuzi kwa madaraja. Tunaona hapa jambo litakalorudi tena na tena katika habari hii: walioua watu pale San Francisco hawakuwa waovu. Walikuwa makarani mbele ya sanduku lisilosema lina nini.

Pwani yetu nayo ilipata mgawanyo wake wa baruti, lakini kwa nia nyingine kabisa. Baruti na bunduki zilikuwa bidhaa za kawaida Unguja katika karne ya 19. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walizileta pamoja na marikani, ile nguo iliyobaki na jina la nchi yao mpaka leo, nao wakaondoka na pembe za ndovu, gundi ya sandarusi na ngozi. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Wengi wanaukumbuka kwa kupiga vita biashara ya watumwa. Lakini vifungu vyake vya silaha vilizuia bunduki na baruti kuingia sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, na silaha zilizoruhusiwa zilitakiwa kuwekwa katika maghala ya serikali. Bunduki za kisasa zilifungiwa. Bunduki za gumegume, zile za kuwashwa kwa jiwe, pamoja na baruti duni iliyoitwa "baruti ya biashara", ziliweza kuuzwa kwa wenyeji katika maeneo yaliyoruhusiwa.

Hebu tuutazame mgawanyo huo vizuri. Baruti duni haikuwa salama kuliko baruti nzuri kwa aliyelala karibu na ghala. Bila shaka ilikuwa mbaya zaidi. Haikupangwa kwa kuangalia itamfanya nini mchukuzi, baharia au mlinzi wa ghala. Ilipangwa kwa kuangalia nani ataishika na atampiga nani nayo. Miaka miwili mitatu baadaye mataifa yaliyotia saini yalikuwa yakigawana bara kwa bunduki zilezile ambazo mwenyeji hakuruhusiwa kununua. Sisi hatusemi biashara ya bunduki ilikuwa njema, maana ililisha vita vya kukamata watu. Tunasema tu kwamba neno "hatari" katika karatasi ile lilikuwa na maana mbili, na moja ilifichwa nyuma ya nyingine. Inafaa kuikumbuka tofauti hii kila tunaposoma orodha yoyote ya vitu vilivyokatazwa: je, inaogopa kitu au inaogopa mtu?

Turudi kwenye roketi, maana swali hilohilo lilifika mahakamani Marekani. Mchezo wa roketi ndogo ulianza huko miaka ya 1950. Satelaiti ya Warusi, Sputnik, iliporuka mwaka 1957, vijana wengi walijaribu kutengeneza roketi jikoni kwa kujaza kemikali ndani ya mabomba ya chuma, na baadhi yao walipoteza vidole, macho au uhai. Orville Carlisle, mtu wa duka la viatu huko Nebraska, alikuwa tayari amebuni mota ndogo ya karatasi ngumu iliyojazwa baruti kiwandani, ya kutumika mara moja na kutupwa. G. Harry Stine, mhandisi wa roketi kubwa, aliiona na kuitangaza. Muda si mrefu Vern Estes akatengeneza mashine ya kuzitoa kwa maelfu. Usalama wake ulikuwa katika jambo moja: mtoto hachanganyi kitu. Mota zinahesabiwa kwa herufi, na kila herufi ina nguvu hadi maradufu ya ile iliyotangulia, kwa hiyo B ni mara mbili ya A, na ukifika G umeshaacha mchezo wa watoto.

Wakubwa waliotaka kwenda juu zaidi walihamia fueli nyingine, mchanganyiko wa amoniamu pekloreti na mpira, wa jamii ileile iliyosukuma maroketi ya pembeni ya chombo cha angani cha Marekani. Serikali ikaiweka fueli hiyo katika orodha ya vilipuzi na kudai leseni kwa mota iliyopita gramu 62.5. Vyama viwili vya warusha roketi vikaishtaki serikali mwaka 2000. Hoja yao ilikuwa kwamba fueli hii inaungua tu, tena kwa mwendo unaopimika, na kitu kinachoungua si kilipuzi. Kesi ilikwenda miaka tisa. Machi 2009 Jaji Reggie Walton aliamua kwamba idara haikuweza kueleza kwa ushahidi kwa nini iliiita kilipuzi, na fueli ikaondolewa katika orodha.

Wengine wakasherehekea wakidhani sasa mota zitasafiri kama penseli. Wapi! Sheria ya kumiliki kitu na sheria ya kukisafirisha ni vitu viwili. Mota hizohizo zilibaki ngeli ya kwanza katika usafirishaji, kwa sababu lile jaribio la maboksi na moto halikubadilika. Mahakama ilikuwa imejibu swali la mtu. Swali la boksi lilikuwa na majibu yake tangu zamani. Tunaona uamuzi wote miwili ulikuwa sawa.

Hapa tunaomba ruhusa tuseme kidogo kuhusu Malindi, kwa sababu hatukupenda kuandika habari za roketi na kuiacha. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini katika Ghuba ya Ngwana, Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walirusha satelaiti kwa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikarushwa nyingine ya kutazama miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru, kwa Kiswahili, na mpaka leo vitabu vya elimu ya nyota duniani vinaliandika jina hilo. Scout ilikuwa na hatua nne na zote zilikuwa za fueli kavu, yaani ndugu wakubwa wa kile kidole gumba. Fueli kavu haitiwi pale unaporushia kama petroli. Inatoka kiwandani ikiwa imeshajazwa, na ni lazima ivuke bahari ikiwa hai. Wazee wa Malindi waliokuwa wakivua karibu na jukwaa lile walipakana kwa miaka na ngeli ya kwanza bila kujua namba yake. Chombo cha Hope cha nchi hii kilikwenda njia nyingine: kilisafirishwa kutoka Dubai hadi Japani mwaka 2020 bila fueli, kikajazwa hidrazini kulekule kisiwani Tanegashima kabla ya kurushwa kwenda Mirihi.

Mpango wa ngeli tisa unatokana na kamati ya Umoja wa Mataifa iliyotoa mapendekezo yake ya kwanza mwaka 1956. Mwaka huohuo mashirika ya ndege nayo yalitoa kitabu chao cha kwanza cha mizigo yenye masharti. Meli zilipata kanuni zao mwaka 1965. Karatasi zilikuwepo, basi. Lakini karatasi humsaidia tu anayetangaza alichobeba.

Dubai ililijua hilo mapema. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Aprili 1961, meli ya abiria Dara ya kampuni ya British India ililipuka karibu na hapa. Ilikuwa imeondoka nangani kwa sababu ya dhoruba, ikiwa na watu zaidi ya 800, wakiwemo hata wachuuzi na jamaa waliopanda kuagana na wenzao na kushindwa kushuka. Watu 238 walikufa. Ilizama siku mbili baadaye ikiwa inavutwa. Wazee wetu wa Mombasa na Unguja waliijua kampuni hiyo kwa Karanja na Kampala, meli zake zilizokwenda Bombay. Uchunguzi uliofanyika London mwaka 1962 uliona kwamba mlipuko ulitokana na kitu kilichotegwa, yumkini bomu la kutegea vifaru. Hakuna fomu inayozuia mtu aliyekusudia uovu, na kwa sababu hiyo hatutakaa sana na Dara, ingawa mabaki yake bado yako chini ya maji na wapigambizi huyatembelea.

Tutakaa na ndege ya 2010, kwa sababu ile haikuhitaji mwovu.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 3 Septemba 2010, kumi la mwisho la Ramadhani. Watu walikuwa wamekwisha kufuturu. Ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS, Boeing 747, ilikuwa imetoka Hong Kong, ikatua Dubai, na saa moja kasoro dakika chache jioni ikaruka kuelekea Cologne, Ujerumani. Ndani walikuwamo marubani wawili tu na shehena. Dakika 22 baada ya kuruka, wakiwa juu ya Ghuba katika anga ya Bahrain, kengele ya moto ililia: sitaha kuu ya mizigo. Mwongozaji wa Bahrain aliwaambia uwanja wa Doha uko karibu maili 100. Nahodha aliamua kurudi Dubai, uwanja alioutoka, ingawa ulikuwa mbali zaidi. Wakati anaamua hakujua moto ule ni wa namna gani.

Katika ndege ile, moto wa sitaha kuu ulikuwa unapigwa vita kwa kupunguza hewa ili ufe wenyewe. Kwa katoni za nguo njia hiyo inaweza kutosha. Betri za lithiamu ni habari nyingine. Seli moja ikipata joto kupita kiasi huzalisha joto zaidi, ikapasuka, ikamwaga gesi inayowaka na kuichoma jirani yake, na jirani jirani yake, kama nyumba za makuti zilizojengwa kwa kubanana. Baada ya muda mfupi moshi ulijaa chumba cha marubani. Nyaya za kuongozea ndege zikaanza kulegea. Oksijeni ya nahodha ikakatika. Aliondoka kitini kutafuta nyingine na hakurudi.

Rubani msaidizi alibaki peke yake. Hakuweza kuona saa na vipimo vilivyokuwa mbele ya uso wake. Hakuweza kubadilisha redio ili azungumze na Dubai, kwa hiyo aliendelea kusema na Bahrain ambayo ilikuwa inazidi kumpotea, na marubani wa ndege nyingine zilizokuwa angani wakageuka wapasha habari: Dubai inasema, mwambieni, anasema haoni, iambieni Dubai. Aliuliza kasi yake. Aliuliza urefu wake. Ndege ilifika juu ya uwanja wa Dubai ikiwa juu mno na kwa kasi mno, ikapita, ikageukia kulia, ikaanguka ndani ya kambi ya kijeshi ya Nad Al Sheba, si mbali na Silicon Oasis ambako baadhi yetu wanaishi. Tangu kengele ilie haikutimia nusu saa. Wote wawili walikufa. Chini hakufa mtu, na yeyote anayeijua sehemu hiyo leo, na maghorofa yake, anaweza kujifikiria mwenyewe.

Mwezi uliofuata hofu ilizidi, kwa sababu tarehe 29 Oktoba 2010 lilinaswa hapa Dubai bomu lililofichwa ndani ya printa iliyotumwa kutoka Yemen, na Al-Qaeda ikadai kwamba hata ile ndege ni kazi yake. Wachunguzi wa Mamlaka Kuu ya Usafiri wa Anga ya nchi hii hawakukuta dalili yoyote ya bomu. Ripoti yao ya mwisho ilitoka Julai 2013. Ilisema moto uliwezekana sana kuanzia mahali penye shehena ya betri za lithiamu. Ndani ya ndege mlikuwa na betri zaidi ya 80,000. Katika karatasi za shehena hapakutajwa kitu chochote cha hatari. Lakini wachunguzi walipozifuatilia, waligundua kwamba mizigo isiyopungua mitatu ilistahili kutangazwa ngeli ya tisa.

Mengineyo! Ngeli ambayo jina lake lenyewe linamwalika mtu asiijali. Tunafikiri ubaya wa jina hilo haujasemwa vya kutosha. Ukimwambia karani "vilipuzi" ataruka. Ukimwambia "mengineyo" atapiga miayo.

Mabadiliko yalikuja polepole, na mengine yalisubiri ajali nyingine: Julai 2011 ndege ya mizigo ya Asiana ilishika moto na kuanguka baharini karibu na kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, nayo ikiwa na betri za lithiamu ndani. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ilipiga marufuku betri za lithiamu zinazochajika kubebwa kama shehena katika ndege za abiria pale zinaposafirishwa peke yake, na kwa ndege za mizigo ikaamuru zisiwe na chaji zaidi ya asilimia 30. Ngeli ya tisa ikapata lebo maalumu ya betri, yenye picha ya betri zikitoa moto, iliyolazimika kuanzia 2019. Ndiyo ile inayobandikwa kwenye katoni Deira, na wengi wanaidhania ni tangazo la kampuni.

Yaangalie tena maneno hayo: zinaposafirishwa peke yake. Betri ndani ya simu na betri nje ya simu zina namba mbili tofauti za Umoja wa Mataifa, 3481 na 3480. Ni lile somo la kiongozi. Sura moja, upatanisho mbalimbali. Pawabenki, ambayo si kitu ila betri iliyovaa nguo, inahesabiwa kuwa betri peke yake, na ndiyo sababu mtu wa kago anaiuliza kwa jina.

Kuna tukio la karibu zaidi, ambalo sote tulilisikia kwa masikio. Usiku wa tarehe 7 Julai 2021, katika bandari ya Jebel Ali, kontena lililipuka ndani ya meli Ocean Trader, na madirisha yakatikisika mbali sana na bandari. Meli ilikuwa na bendera ya Komoro, basi magazeti ya dunia yakajaa jina la visiwa vya ndugu zetu kwa habari ambayo hawakuhusika nayo. Ilikuwa zile peroksidi za ngeli ya tano, ambazo hazitaki joto, zikiwa nje katika Julai ya Dubai. Hakuna aliyekufa.

Sasa tufike kwenye jambo letu. Wanachama wanajua kwamba fedha za maonyesho ya muhula uliopita zilinunua taa 60 za sola kwa ajili ya watoto wa shule moja ya kaunti ya Kilifi. Kila taa ina betri ya lithiamu. Wakala mmoja wa mizigo, ambaye hatutamtaja, alituambia tuandike "vyombo vya plastiki" ili mambo yawe rahisi, na bei yake ilikuwa nafuu. Katika kikao baadhi ya wenzetu walisema ni taa tu, tena za sadaka, na kila mtu anafanya hivyo. Hoja hiyo ina nguvu, hatuwezi kuicheka. Mama zetu wametuma manukato miaka 20 na hakuna ndege iliyoanguka.

Lakini tulikaa na kalamu tukapiga hesabu ambayo wakala hakuipiga. Betri ya taa imeandikwa volti 3.7 na ampea-saa 2. Zidisha, unapata wati-saa 7.4. Mpaka wa betri ndogo ni wati-saa 100. Na betri zetu zimo ndani ya taa, kwa hiyo ni 3481, si 3480. Maana yake ni kwamba taa hizi zinaruhusiwa kwenda kihalali. Kinachotakiwa ni ufungaji mzuri, alama ya betri juu ya katoni, swichi zisiweze kujiwasha njiani, na karatasi ya muhtasari wa majaribio ya betri, ambayo tangu Januari 2020 mtengenezaji anatakiwa kuitoa anapoombwa. Hakuna haja ya uongo hata mmoja.

Karatasi hiyo ndiyo iliyotuchukua wiki mbili. Muuzaji wa Naif hakuwa ameisikia. Alimpigia aliyemletea, naye akampigia aliyemletea huko China, na ikaja kwa simu, kurasa mbili, namba ya modeli ikilingana na iliyo nyuma ya taa. Wakala wa pili aliisoma yote, akauliza swichi ikoje, akatupa bei iliyozidi ya yule wa kwanza kwa dirhamu 140. Taa zitakwenda kwa meli hadi Mombasa. Mhazini anaomba mchango wa hizo dirhamu kabla ya Alhamisi, na atakayeweza kuja kusaidia kufunga katoni aje na gundi ya karatasi, kwa sababu tuliyo nayo imekwisha.